Keko, Gerezani, Oysterbay: Safari ya Kutafuta Rangi ya Sketibodi

Mpenzi msomaji, mwezi huu sikupandishi ndege wala boti. Najua umezoea ukurasa huu ukupeleke Zanzibar, Lushoto au Bagamoyo, lakini leo nauli yetu ni ya bajaji na hatutoki nje ya Dar es Salaam. Hata hivyo nikuhakikishie kitu kimoja: katika miaka yangu yote ya kuzunguka na kalamu, hakuna safari iliyonitoa jasho kama hii, na ilianza kwa sababu ya kipande cha ubao kisichofika hata mita moja.

Wanaonifahamu wanajua kuwa mwaka jana niliolewa. Wasichojua wote ni kwamba niliolewa na watu wawili: mume wangu, na kijana wake wa miaka 13. Mama wa kijana alifariki mtoto akiwa na miaka sita, akalelewa na bibi yake Tanga, na Januari hii akahamia kwetu Tabata kuanza sekondari. Ni mtoto mzuri, ana adabu kupita kiasi, na hapo hapo ndipo penye tatizo! Asubuhi "shikamoo", jioni "shikamoo", baada ya hapo kimya. Hajui aniite nani. "Mama" hawezi, "anti" hataki, basi akaamua jina langu liwe "samahani". Samahani, naomba chumvi. Samahani, luku imeisha. Na akisema "nyumbani" ujue anaongelea Tanga. Kwetu pale ni "kwa baba".

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamtoa chumbani: sketibodi, ule ubao wa magurudumu manne ambao baba yake alimnunulia kwenye mitumba ya Karume. Mwezi wa tano ubao ukapasuka katikati. Magurudumu mazima, vyuma vya kuyashikia vizima, ubao ndiyo basi tena. Alivyouangalia ule ubao, utadhani amefiwa. Nikaona isiwe taabu, likizo ya mwezi wa sita ikifika tutatengeneza mwingine sisi wenyewe. Si nina digrii bwana! Itanishinda mbao na rangi?

KEKO: MBAO KWANZA

Ukiingia Keko kutoka Barabara ya Nyerere, pua ndiyo inayokuambia kwamba umefika. Gundi, vanishi, unga wa mbao. Vitanda vimepangwa barabarani kama viko kwenye gwaride, makabati yanang'aa mpaka unajiona, na kila hatua kuna kijana anakuita, "Dada karibu, sofa hizi." Sisi tulikuwa tunatafuta fundi asiyetucheka. Wa kwanza alicheka, wa pili akacheka, wa tatu akauchukua ule ubao uliopasuka, akaugeuza na kuutazama kwa ubavu.

"Huu siyo ubao mmoja," akasema. "Umebandikwa."

Kijana wangu akaamka! Akaanza kumweleza fundi kwamba sketibodi za dukani kwa kawaida hubandikwa tabaka saba nyembamba za mti wa mepo kutoka Amerika ya Kaskazini, nyuzi za baadhi ya tabaka zikienda kwa urefu na nyingine zikikatisha, ndiyo maana ubao unapinda kidogo bila kuvunjika. Akaendelea kwamba mchezo wenyewe ulianza California miaka ya 1950, kwamba mwaka 2021 uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza kule Tokyo, na kwamba aliyechukua dhahabu ya mtaani upande wa wasichana, Momiji Nishiya wa Japani, alikuwa na miaka 13 kama yeye. Na tusidhani ni mambo ya Wazungu na Wajapani tu: Kampala, pale Kitintale, kuna uwanja wa sketibodi tangu mwaka 2006. Mimi nimekaa na mtoto huyu miezi mitano, sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo.

Fundi naye akanogewa. Akamwuliza, "Mama yako naye anacheza?"

"Siyo mama yangu. Ni mke wa baba."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesahihisha tarehe. Fundi akaniangalia, akaangalia chini, akaendelea na kazi yake. Mimi nikajifanya nachagua stuli.

Kazi ilikuwa hivi: plaiwudi nne za milimita 3, gundi ya mbao isiyoogopa maji katikati, halafu zote zikabanwa kwa jiriwa kati ya magogo mawili aliyoyachonga kwa mpindo wa ule ubao wa zamani. Kesho yake tukaukuta umeshika umbo, akaukata, akaupiga msasa. Kabla hatujaondoka akatupa mambo mawili ambayo nakushauri uyaandike. La kwanza, matundu manane ya skrubu yatobolewe kabla ya rangi, kwa sababu ukitoboa baadaye rangi inabanduka pembeni ya tundu. La pili, plaiwudi hunywa maji kupitia kwenye kingo. Watu wanapamba tumbo la ubao halafu kingo wanazisahau, mvua moja tu tabaka zinaanza kuachana.

GEREZANI: RANGI IPI?

Kutoka Keko mpaka Gerezani siyo mbali, lakini ni dunia nyingine. Hapa ni vyuma, welding, vipuri, na maduka ya rangi yenye makopo mpaka kwenye dari. Nikaingia kwa kujiamini nikasema, "Naomba rangi ya bluu." Muuzaji akanitazama kama mtu aliyeingia hotelini akaagiza "chakula".

"Ya maji au ya mafuta? Inayong'aa, siliki au mati? Ya brashi au ya kupuliza?"

Mpenzi msomaji, ili yasikukute yaliyonikuta, ngoja nikuchambulie.

Rangi ya maji ni ya ukutani. Haina harufu kali, inakauka upesi, brashi unaosha kwa maji tu. Lakini kwenye ubao unaokanyagwa na kukwanguliwa kila siku ni laini mno, haifiki mbali bila kufunikwa na kitu kigumu juu yake.

Rangi ya mafuta ndiyo ile ya milango na mageti. Inachelewa kukauka, inanuka, brashi inaoshwa kwa tapentaini, lakini ikishakomaa ni ngumu na maji hayaingii kirahisi. Ya kupuliza inayokuja kwenye kopo inakauka haraka na haiachi alama za brashi. Siri yake ni kupuliza nyembamba mara nyingi, maana ukipuliza nzito mara moja inatiririka kama machozi. Na puliza nje penye hewa, siyo chumbani.

Sasa mng'ao. Rangi inayong'aa sana ni kama gauni la satini linalobana: ukiwa na kitambi, watu wataona! Kila shimo la mbao, kila mchubuko, vyote vinatangazwa. Mati inaficha kasoro, ila inashika uchafu na mafuta ya mikono, na kuisafisha ni kazi. Siliki iko katikati. Kwa tumbo la sketibodi, lile linalosugua ukingo wa barabara, wapo wanaopenda rangi ngumu inayong'aa kwa sababu inateleza vizuri mwanzoni. Lakini ukweli hauna mjadala: iwe yoyote ile, itachubuka. Huchagui rangi isiyochubuka, unachagua jinsi itakavyochubuka.

Kijana alikuwa na mchoro wake tayari kichwani: silikanti. Kama humjui, ni samaki mkubwa wa bluu mwenye madoa meupe. Wanasayansi waliamini ametoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Na Tanga wapo! Ndiyo sababu mwaka 2009 bahari ya Tanga ikatengewa hifadhi kwa ajili yao. "Watu wote walidhani kafa," kijana akamwambia muuzaji, "kumbe yupo chini tu."

Tukachukua praima na vikopo vidogo vitatu vya rangi ya mafuta inayong'aa: bluu, nyeupe na nyeusi. Vanishi muuzaji alituonya. Vanishi nyingi za mafuta zina rangi ya asali na huzidi kuwa njano kadiri siku zinavyokwenda, kwa hiyo madoa yake meupe yangeishia rangi ya chai ya maziwa. Kuna nyingine ya magari inayochanganywa na hadena, hiyo ni ngumu kweli kweli, ila mvuke wake unadhuru mapafu na kitambaa puani hakisaidii. Waachie wenye vifaa.

Hapo ningeishia ningekuwa salama. Lakini wakati kijana anafunga mzigo kwenye bajaji, mimi nikapita kwa fundi wa rangi za magari jirani, nikaomba klia ya kawaida, ile inayozimuliwa kwa thina. Akanijazia nusu chupa ya maji ya kunywa. Nikaificha kwenye pochi. Nilitaka kumfanyia sapraizi.

TABATA: USIKU WA AIBU

Alichora siku mbili chini ya mwembe wetu. Sikuwahi kuona mtu akitulia vile. Bluu yote kwanza, kisha mapezi, kisha doa moja moja jeupe kwa ncha ya brashi. Jioni ya siku ya pili nikagusa kwa kidole: haikushika. Imekauka, nikajiambia. Usiku, wenyewe wamelala, nikatoka barazani na tochi ya simu na kile kichupa changu, nikapaka klia kuanzia kichwa mpaka mkia. Iling'aa jamani! Nikalala nikitabasamu, nikijiona kabisa kesho asubuhi nimepata jina jipya.

Asubuhi silikanti alikuwa amekunjamana kama utando wa juu wa maziwa yaliyochemka. Bluu imeinuka, madoa yamepasuka, jicho limehamia shavuni.

Kijana akatoka. "Shikamoo."

"Marahaba."

Akautazama ubao muda mrefu. Halafu akasema taratibu, bila kupandisha sauti, "Samahani, ungeniuliza." Akarudi ndani.

Chakula cha mchana hakula. Saa kumi nikipita dirishani nikamsikia kwenye simu na bibi yake: "Bibi, nataka kurudi nyumbani." Nilikaa jikoni na mwiko mkononi mpaka wali ukaungua. Mume wangu alivyorudi akasema yale yanayosemwa na wanaume wote, "Mpe muda, atazoea." Lakini mimi nilijua kilichoharibika pale siyo rangi peke yake. Yule mtoto alikuwa na kitu kimoja tu ndani ya nyumba yetu ambacho ni chake kabisa, na mimi nikakivamia usiku.

Usiku huo nikagonga mlango wake. Sikumwomba anisamehe kwa hotuba. Nikasema, "Nimekosea. Jumamosi naenda Oysterbay kwa watu wanaoijua rangi hii, nikaulize. Ukitaka, twende. Hutaki, nitakuletea majibu."

Jumamosi nikamkuta mlangoni, kavaa viatu, ubao ameuviringisha kwenye kanga.

OYSTERBAY: KWA WENYE RANGI YAO

Kijiji cha Tingatinga kipo Oysterbay, Barabara ya Haile Selassie, pale Morogoro Stores. Wengi tunapita kila siku tukidhani ni mahali pa watalii. Tuingie jamani, ni petu! Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru aliyekuja mjini kutafuta maisha, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 akitumia alichoweza kupata: vipande vya hadibodi, na rangi ya mafuta ile ile ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora miaka michache tu, lakini ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Leo mtindo unaitwa kwa jina lake dunia nzima.

Ukuta mzima ni tembo, chui, ndege wenye shingo za ajabu, na kila kimoja kinang'aa. Wachoraji wamekaa chini, vikopo vimewazunguka, redio inaimba. Tukamwendea mzee mmoja. Kijana akasema shikamoo, akafunua kanga.

Mzee hakucheka. Akapitisha kidole kwenye mikunjo. "Nani ana haraka kati yenu?"

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Akatueleza polepole. Rangi ya mafuta hukauka kuanzia juu. Baada ya saa kadhaa haikushiki kidole, ukadhani imemaliza kazi, kumbe chini bado mbichi, na kukomaa kwake ni suala la siku nyingi, hata majuma. Ukiileta thina kali juu yake, ile thina inapenya, inaiamsha rangi ya chini, inavimba na kujikunja. "Kukauka juu siyo kukauka ndani, mama. Minya kwa ukucha pembeni: ukiacha alama, bado. Nusa: ikinuka, bado."

"Sasa juu yake tupake nini?" kijana akauliza.

"Kwani hizi zetu zimepakwa nini juu?" Akatuonyesha chui wake. "Hakuna. Hii rangi yenyewe ndiyo ngao. Iache ikomae. Ikichubuka, rangi si unayo? Utapaka tena pale pale."

Tukarudi na mwendo wa bajaji bila kuongea, lakini safari hii kimya kilikuwa cha aina nyingine.

KUSUBIRI

Tulianza upya. Msasa namba 120 kuondoa uozo wangu wote, 220 kulainisha, vitambaa puani maana vumbi la rangi siyo la kuvuta. Kisha praima, na mkono wa kwanza, na mkono wa pili siku nyingine. Kijana alichora, mimi nikapewa kingo. Kingo tu! Nikazipiga mikono mitatu kama fundi wa Keko alivyoagiza, na sikugusa samaki wa mtu.

Upande wa juu, pale mguu unapokanyaga, duka letu halikuwa na ile karatasi yao maalumu ya kuzuia utelezi. Tukachukua mchanga wa baharini, tukauosha maji baridi mara nne ili chumvi itoke, tukauanika, tukauchuja kwa chujio langu la chai, tukaunyunyizia kwenye vanishi mbichi. Hapo unjano hauna shida. Ulivyokauka tukapaka tena vanishi nyembamba kuushikilia. Unakwaruza kama ulimi wa paka, safi kabisa.

Halafu tukasubiri siku kumi na mbili. Kila jioni alikuwa anatoka barazani, anaweka ukucha pembeni, ananusa. "Samahani, bado inanuka." "Basi tusubiri." Mimi ninachambua mchicha, yeye amekaa kwenye ngazi. Jioni ya tano akasema, bila mimi kumwuliza kitu, "Mama alikuwa hapendi harufu ya rangi. Baba akipaka dirisha, sisi tulikuwa tunaenda kulala kwa bibi." Nikasema, "Alikuwa na pua kali." Akasema, "Sana." Tukanyamaza. Mchicha nikauchambua mara mbili.

COCO BEACH: SABASABA

Tarehe 7 mwezi wa saba, watu wakikimbilia maonyesho kule Barabara ya Kilwa, sisi watatu tulikuwa Coco Beach asubuhi na mapema, upepo wa kusini unavuma, wauza mihogo ndiyo kwanza wanawasha mkaa. Kuna kipande cha maegesho kilikuwa kitupu, lami laini. Kijana akashusha ubao, akaweka mguu mmoja juu ya mchanga wetu wa chujio, akasukuma. Silikanti akaenda.

Hazikupita dakika kumi akapandisha ubao kwenye ukingo wa barabara, ukasugua, krrr! Moyo ukanipasuka. Akaugeuza: mkia wa samaki umechubuka mpaka praima inaonekana. Nikamsubiri anune. Akacheka! "Rangi si ipo," akasema.

Wakaja vijana wawili wakubwa kidogo, na wao wana sketibodi zao za dukani. Wakaushika ubao wakaugeuzageuza. Mmoja akauliza, "Mwana, hii umenunua wapi?"

"Hatujanunua," kijana akajibu. "Tumepaka nyumbani."

Nyumbani! Mimi nilikuwa nimejaza mdomo muhogo wa moto wenye pilipili, kwa hiyo kama machozi yalinitoka, mume wangu alidhani ni pilipili, na mimi nikamwacha adhani hivyo.

Usije ukafikiri sasa naitwa mama. Jioni ile ile tulivyorudi Tabata nikasikia, "Samahani, kile kikopo cha bluu kipo wapi?" Nikamwonyesha. Akapaka mkia, akauegemeza ubao ukutani. Asubuhi yake nikapita pale na chai yangu mkononi. Ulikuwa unang'aa vizuri sana, na ungeniuliza ningekuambia umeshakauka. Lakini sikuugusa. Nikanusa tu, nikaenda zangu.

Tukutane mwezi ujao.